Jiwe lenye vigamba vinavyowaka kijani kwenye tochi ya UV: ni nini hiki, na ni salama kukaa nalo chumbani?

DadaSpineli, Morogoro

Habari za usiku wanajukwaa. Naomba msaada kwa wanaojua madini, maana usingizi umenikataa.

Kazi yangu ni kuchambua mawe. Nanunua spineli za Mahenge kwa wachimbaji wadogo, nazisafisha, nazipanga kwa rangi na ukubwa, halafu nawauzia mabroka wa Arusha. Tochi ya UV haitoki mfukoni, kwa sababu spineli nyekundu ya Mahenge ukiimulika gizani inawaka kama kaa la moto, na kipande cha chupa hakifanyi hivyo.

Jumatano mjomba alishuka kutoka milimani Uluguru na kiroba cha mawe. Kuna duara (shimo la kuchimbia) la zamani la ulanga, yaani maika, huko juu, yeye na wenzake wamelifukua upya kutafuta feldispa na chochote kinachouzika. Mengi yalikuwa ya kawaida tu. Moja ndilo lililonishika. Ukubwa wake ni ngumi ya mtoto, jeupe lenye madoa ya kutu, na kwenye ufa mmoja kuna vigamba vya njano iliyoingia kijani, vya pembe nne, vimelaliana kama kurasa za daftari lililolowa likakauka. Kigamba kikubwa kuliko vyote ni kama punje ya mchele. Nilikigusa kwa ncha ya ukucha kikabanduka bila kulazimishwa.

Usiku umeme ukakatika, nikatoa tochi ya UV niendelee na kazi. Wakuu, ule ufa wote uliwaka! Si kumetameta, ni kuwaka: rangi ya ndimu changa, kali mpaka kucha zangu zikaonekana. Nazima tochi, giza. Nawasha, unawaka tena. Mjomba akasema hiyo ni uraniamu na shida zetu zimekwisha. Mama akasema nitoe hilo jiwe ndani ya nyumba kabla hajalitoa yeye.

Limekaa chini ya kitanda siku 3. Mwanangu wa miaka 4 analala chumba hicho hicho.

Naomba kujua hii ni kitu gani, imetokea vipi ndani ya mwamba, na kama ule mwanga ndio sumu yenyewe. Picha sijaweka kwa sababu simu yangu inaichukua kama doa jeupe tu. Nawasilisha.

MzeeNyundo, Dodoma

Binti yangu, kabla hujasoma hata mstari mmoja zaidi, toa hilo jiwe chumbani. Usilivunje na usilifunge kwenye nguo. Liweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, kopo likae nje mahali ambapo mtoto hafiki. Nawa mikono kwa sabuni. Pale chini ya kitanda usifagie. Pafute kwa kitambaa chenye maji. Ukimaliza rudi tuzungumze, na usiogope: siku 3 na vigamba vya ukubwa wa mchele si jambo la kukukimbiza hospitali usiku huu.

Haya. Nimefanya kazi ya maabara ya miamba miaka 31, sasa nimestaafu, na maelezo yako ni mazuri kuliko mengi niliyopokea mezani kwangu yakiwa na muhuri. Njano-kijani, vigamba vya pembe nne, vinabanduka kwa ukucha, vinawaka rangi ya ndimu kwenye UV, vimekaa ndani ya ufa wa mwamba wa ulanga. Hiyo inafanana sana na autunaiti, au ndugu yake wa karibu. Uhakika unahitaji kipimo, lakini kama ungekuja nayo dirishani kwangu hilo ndilo jina ningeandika kwa penseli kwanza.

Jina linatoka Autun, mji wa Ufaransa, nalo lilitolewa mwaka 1852. Nilikuwa masomoni nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwalimu alinipa kigamba kimoja kutoka maeneo hayo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Nilikiweka ndani ya kiberiti juu ya pamba. Kilikuwa kinapitisha mwanga, ukikielekeza dirishani unaona njano safi kama samli iliyoyeyuka. Nikarudi nacho Dodoma. Mnaijua Dodoma kwa ukavu wake. Baada ya kiangazi cha pili nilifungua kile kiberiti nikakuta rangi imepauka, kigamba hakipitishi mwanga tena, na nilipokigusa kwa kibano kikameguka vipande vitatu na vumbi. Nilisikitika kama mtu aliyeacha mche bila kuumwagilia.

Na ni maji kweli yaliyokosekana. Ndani ya autunaiti atomi zimepangwa kwa tabaka. Tabaka moja ni la uranili (uraniamu iliyoshika oksijeni) na fosfeti zilizoshikana sana. Kati yake na tabaka la pili kuna kalisi (kalsiamu) na maji, molekuli 10 hadi 12 kwa kila fungu. Hapo kwenye maji ndipo pepesi, ndiyo maana ukucha wako ulitosha. Wachimbaji wa zamani wa Ulaya waliita jamii hii ulanga wa uraniamu, na ukishaona inavyobanduka huwezi kuwabishia. Ikikaa pakavu au penye joto maji yanatoka, tabaka zinasogeleana, na unabaki na kitu kingine kiitwacho meta-autunaiti. Kukiloweka hakukirudishi kilivyokuwa. Kwa hiyo inawezekana hata hicho ulicho nacho kimeshavuka upande huo tangu mjomba alipokitoa kwenye unyevu wa mlima. Mwanga utaendelea kuuona.

Umeuliza ilivyotokea. Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndipo roho yangu ilipo.

Ule mkanda mnaouchimba Uluguru sisi tunauita pegmataiti. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita ulikuwa uji wa moto, masalia ya mwisho ya mwamba ulioyeyuka, na uji wa mwisho hubeba vitu ambavyo fuwele zilizotangulia kuganda zilivikataa. Uraniamu ni kimojawapo. Uji ukapenya kwenye nyufa, ukapoa taratibu, ukazaa fuwele kubwa za kwatzi, feldispa na ulanga, na mahali mahali uraniamu ikajikusanya kama uraninaiti. Hiyo ni nyeusi, ina ung'avu wa lami, na ni nzito kiasi kwamba mkono unashtuka. Ikiwa hivyo maji hayaiwezi.

Halafu mlima unamomonyoka, mwamba unakaribia juu, na mvua inashuka kwenye nyufa ikiwa na oksijeni. Oksijeni inainyang'anya uraniamu elektroni 2. Kuanzia hapo inakuwa na tabia nyingine kabisa: inashika oksijeni mbili, moja kila upande, kama fimbo fupi yenye uraniamu katikati. Hiyo fimbo ndiyo uranili, nayo inayeyuka majini na kusafiri. Njiani maji hayo yanapita kwenye apataiti, ambayo ina fosfeti, na kwenye feldispa inayooza na kuachia kalisi. Uranili na fosfeti zikikutana haziwezi kukaa tena majini pamoja. Zinaganda ukutani mwa ufa, kigamba juu ya kigamba. Ndiyo maana autunaiti hukaa karibu na uso wa dunia, kwenye nyufa na matundu, palipo na kutu. Yale madoa ya kahawia uliyoyaona ni ushahidi wa maji yale yale na oksijeni ile ile.

Pale katikati ya tabaka wageni hubadilishana. Akikaa magnesi badala ya kalisi unapata saleaiti, nayo inawaka. Akikaa bariamu unapata uranosasaiti, inawaka. Akikaa shaba unapata tobenaiti, ya kijani kibichi kama jani la mgomba, umbo lile lile, uraniamu kwa kiwango kinachokaribiana, na mwanga hakuna. Uimulike usiku kucha, giza tu. Shaba inaidaka ile nguvu kabla haijatoka na kuimaliza kama joto.

Sasa nifike kwenye swali lako la mwisho, kwa sababu watu wengi hukosea hapo na kosa lake linaumiza. Ule mwanga si mionzi. Tochi inapiga uranili kwa miale ya urujuanimno, ndiyo hiyo UV, elektroni zinapanda ngazi, zinashuka, na katika kushuka zinatoa mwanga wenye nguvu ndogo kuliko uliokuja, kwa hiyo unaonekana kijani. Ukizima tochi biashara imekwisha. Mionzi inatoka kwenye kiini cha atomi, nayo haijui kama tochi imewashwa au la, kama ni mchana au usiku.

Mkuu wangu wa kwanza kazini alinionyesha hili bila kusema neno. Aliweka kigamba cha autunaiti mezani na kipima mionzi pembeni. Akamulika: kijani, na kipima kinalia tik-tik-tik. Akazima tochi: giza, na tik-tik-tik vile vile, haikupungua hata moja. Kisha akaondoa kigamba akaweka kipande cheusi cha uraninaiti. Akakimulika mbele yangu, hakikuwaka hata chembe, na kipima kikalia mfululizo mpaka milio haikuhesabika.

Henri Becquerel mwenyewe, Mfaransa aliyegundua mionzi ya uraniamu, alianzia kwenye fikra hiyo ya kwako. Mwaka 1896, Paris, alidhani chumvi za uraniamu zikishawashwa na jua ndipo zinatoa miale ya kupenya karatasi nyeusi. Siku za mwisho za Februari jua likagoma, akaweka kila kitu kwenye droo. Tarehe 1 Machi alisafisha zile bamba za picha akitegemea kivuli hafifu, akakuta alama nzito. Jua halikuhusika. Baadaye mwaka huo akaona hata uraniamu isiyowaka kabisa inafanya vile vile.

Kwa hiyo binti, nina swali kwako, na nijibu leo leo. Kwenye kile kiroba cha mjomba kulikuwa na jiwe jeusi, dogo kwa umbo lakini zito kupita kawaida?

DadaSpineli

Mzee wangu shikamoo. Nimetoa jiwe, liko kwenye kopo la rangi nyuma ya banda la kuku, nimefunga mfuniko kwa gundi ya karatasi.

Jeusi lipo. Nimesoma swali lako mikono ikanitetemeka. Ni dogo kama limau, linang'aa kiasi kama makaa ya mawe, pembeni lina ganda la njano ya unga. Niliona ni zito nikalitumia kuegeshea mlango wa chumba usibamizwe na upepo. Nililimulika siku ile ile, halikuwaka, nikajua halina neno.

MzeeNyundo

Marahaba binti yangu. Lichukue kwa koleo au kwa mfuko wa plastiki mkononi, lisiguse nguo, liweke kwenye kopo lake, mbali na watu. Lile ganda la njano usilikwangue, huko ndiko vumbi linakotoka. Futa kizingiti kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikae kwenye mfuko uliofungwa. Kesho asubuhi piga simu Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, uwaeleze kama ulivyotueleza. Kupima vitu hivi ndiyo kazi yao na huhitaji kuona aibu.

Hujafanya uzembe. Ulitumia kipimo ulicho nacho, ila kipimo hicho kinajibu swali jingine.

MkeziMionzi, Mwanza

Nafanya kazi idara ya eksirei, niongezee upande wa afya.

Dada, hofu kubwa kwa mawe haya si kukaa nayo chumba kimoja siku chache, ni kuyaingiza mwilini. Sehemu kubwa ya mionzi yake ni chembe za alfa, ambazo hata ngozi inazizuia, lakini vumbi likishavutwa mapafuni hakuna ngozi ya kuzuia. Usilambe jiwe ili rangi ionekane, najua wachambuzi wengi mna tabia hiyo. Usilisage, usilipige nyundo ndani. Pia uraniamu ikiendelea kuoza kwa hatua zake hufika radiamu, na radiamu hutoa gesi ya radoni ambayo haina harufu wala rangi. Nusu ya radoni huoza ndani ya siku 3.8, ila jiwe linaitoa kila siku, kwa hiyo chumba kilichofungwa si pa kuweka mawe haya. Fungua madirisha, mtoto alale kwa bibi hadi wapimaji waje.

Mzee Nyundo, nakuomba na wewe: kile kiberiti bado unacho?

MzeeNyundo

Hapana, nilikikabidhi maabara zamani, vumbi na pamba yake, kikafungwa kwenye chupa. Umefanya vyema kuuliza.

Mkatanga, Likasi

Bandugu, nawasoma kutoka Kongo. Mimi ni wa Likasi, na kilomita kama 20 kutoka kwetu kuna Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa uraniamu, kwa hiyo jambo hili kwetu si la kitabuni.

Saleaiti aliyoitaja mzee ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye mawe ya Shinkolobwe. Na si hiyo peke yake, ni orodha ndefu: kuraiti, bekerelaiti, sklodowskaiti, zote zilielezwa kutoka shimo hilo miaka ya 1920. Yote ni watoto wa uraninaiti ile ile kukutana na mvua ya Katanga, kama mzee alivyosema, ila kwetu shaba na kobalti ni nyingi na ndiyo maana rangi ni nyingi. Uraniamu ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945, sehemu kubwa ilitoka hapo.

Nataka mjomba asikie hili. Mgodi ulifungwa na makampuni, lakini watu wetu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono. Mawe ya njano waliyatupa pembeni kama takataka, wakakaa juu yake wakila mchana. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2004, na Julai mwaka huo huo sehemu ya mgodi ikaporomoka ikaua watu. Baba yangu mdogo alichimba pale. Hakuna aliyempa kipimo, hakuna aliyempa kitambaa cha pua. Kama mjomba wako ana watu duarani, wasimamishe kazi sasa, wasingoje.

DadaSpineli

Wakuu, narudi na majibu, siku 9 baadaye. Shikamoo Mzee Nyundo, na asanteni wote.

Wapimaji walikuja watu 2 na kipima cha kushika mkononi. Walianza na kopo la vigamba. Kililia, nikaruka nyuma. Wakasogea kwenye kopo la jiwe jeusi, na kabla hawajafungua mfuniko mlio ukawa mmoja tu usiokatika, kama mzee alivyoandika. Chini ya kitanda hawakukuta kitu. Kwenye kizingiti walikuta chembechembe kwenye ufa wa saruji, wakafuta na kuondoka na vitambaa. Mawe yote mawili wameyachukua. Mtoto yuko salama, amerudi chumbani kwake juzi.

Mjomba alikasirika siku ya kwanza, alitaka kujua nani atamlipa. Nikamsomea maneno ya ndugu wa Likasi kwa sauti, mara mbili. Alikaa kimya, kisha akauliza kama ni kweli walikula mchana juu ya mawe yale. Jana amepanda mlimani kuwaambia wenzake wafunge duara mpaka lipimwe.

Mzee, nina swali moja limebaki. Yule mpimaji alitazama jeusi muda mrefu akasema Uluguru ina historia na mawe haya. Historia gani?

MzeeNyundo

Marahaba binti. Nimeshusha pumzi.

Alisema kweli. Mwaka 1906 mkemia Mjerumani, Willy Marckwald, alieleza madini mapya kutoka mapegmataiti ya Uluguru. Ilikuwa uraninaiti iliyooza na kugeuka kabonati ya uranili, ya njano, huku imebaki na umbo la fuwele ya zamani. Aliyapa jina la Ernest Rutherford. Kwa hiyo madini yanayobeba jina la mtu aliyefungua siri ya kiini cha atomi, sampuli yake ya kwanza ilitoka kwenye milima unayoiona ukifungua dirisha. Ganda la njano la jiwe lako laweza kuwa ndugu wa hayo, wapimaji watajua.

Na kuna la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi. Uraniamu ikimaliza kuoza inabaki risasi. Karibu mwaka 1914, huko Vienna, wanakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walichukua uraninaiti ya Morogoro, wakatoa risasi iliyokuwa ndani yake, wakaipima uzito wa atomi. Risasi ya kawaida ni 207.2. Ile ya Morogoro ikaja karibu 206.05. Ni risasi kwa kila kipimo cha kemia, ila nyepesi. Isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, zilikuwa bado ni hoja ya kubishaniwa wakati ule, na jiwe kutoka kwenu likawa miongoni mwa ushahidi uliomaliza ubishi. Horovitz alipima kwa mizani ya maabara, akirudia na kurudia.

Wapimaji wakikupa jina kamili la vigamba, liandike hapa. Nataka kulilinganisha na penseli yangu.

DadaSpineli

Mzee, wamenijibu asubuhi ya leo. Meta-autunaiti.